Bahati nasibu ya viza za wataalamu: nini kimebadilika, na kijana wa Ijara aanzie wapi

Uzi mwingine wa yale mambo yanayopigiwa kelele kwenye majukwaa ya siasa. Masharti ni yale yale: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja kwenye maoni, nafuta.

Leo ni viza za kazi za Marekani. Siku hizi hapa Masalani nasikia maneno mawili yanayopingana. Mmoja anasimama na kusema, "Bahati nasibu ya Marekani imebadilishwa, sasa wanachukua watu waliosoma, watoto wetu wenye digrii wamefunguliwa mlango." Wiki inayofuata mwingine anasema, "Msidanganywe, ni dola laki moja kila mtu, mlango umefungwa." Watu wanapiga makofi pande zote mbili. Halafu jioni vijana wananitumia ujumbe: mwalimu, nani anasema ukweli?

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja wao anayemwambia kijana wa Hulugho au Sangailu jambo linalomhusu kesho asubuhi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, kwa sababu watu wanavichanganya sana, hata wenye maikrofoni.

Kuna bahati nasibu ya grini kadi, ile wazee wetu wanaiita "lotari ya Marekani". Hiyo unajaza mwenyewe. Ukiwa umezaliwa Kenya na una cheti cha Kidato cha Nne, au uzoefu wa miaka miwili kwenye kazi inayohitaji mafunzo, unaruhusiwa. Viza zake hazizidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Ukishinda na kupita usaili unakwenda kuishi moja kwa moja.

Na kuna H-1B. Hiyo ni viza ya kazi ya muda kwa mtaalamu: mhandisi, mtu wa kompyuta, mhasibu, mtafiti. Kazi yenyewe lazima iwe inahitaji angalau shahada ya kwanza. Na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa: H-1B huwezi kujiombea. Hakuna fomu ya wewe kujaza pale saiba. Mwajiri aliye Marekani ndiye anayekusajili, ndiye anayelipa ada ya usajili, ndiye anayepeleka maombi. Kama huna mwajiri, hauko kwenye bahati nasibu. Basi. Mtu akikuambia nipe elfu kumi na tano nikuingize kwenye lotari ya H-1B, anakuuzia hewa.

Sasa hayo mabadiliko.

H-1B ina kikomo: 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa waliopata shahada ya uzamili au zaidi kutoka chuo cha Marekani. Wanaotaka ni wengi kuliko nafasi, ndiyo maana kuna kura. Tangu 2020 mwajiri anasajili jina kwa mtandao mwezi Machi, kompyuta inachagua, waliochaguliwa ndio wanaopeleka maombi kamili. Kazi inaanza Oktoba.

Ada ya kusajili ilikuwa dola 10. Unaona shida? Kampuni tano zinamsajili mtu mmoja mara tano, anapata tiketi tano. Machi 2023 usajili ulifika 780,884, na zaidi ya nusu ulikuwa wa watu waliosajiliwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kuanzia Machi 2024 wakabadilisha: kura inahesabu mtu, si usajili. Hata ukisajiliwa na kampuni kumi, una tiketi moja. Na watajuaje kwamba ni mtu mmoja? Kwa pasipoti. Kila jina linaingia na namba ya pasipoti, na pasipoti hiyo ndiyo unayotakiwa kusafiria. Shikilia hapo, nitarudi kwenye hiyo pasipoti, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika uzi huu.

Machi 2025 ada ikapanda hadi dola 215. Usajili uliokubaliwa ukashuka hadi 343,981, wakachaguliwa 120,141. Wanachagua zaidi ya nafasi zilizopo kwa sababu si wote watakaokamilisha maombi.

Halafu ikaja Septemba 2025. Tarehe 19 likatoka tangazo: ombi jipya la H-1B kwa mtu aliye nje ya Marekani lazima liambatane na malipo ya dola 100,000. Lilianza kutumika tarehe 21. Siku ya kwanza wakasema ni kila mwaka, kesho yake wakasema ni mara moja tu. Mwezi uliofuata wakafafanua kwamba mtu aliye tayari ndani ya Marekani kihalali, mfano mwanafunzi anayebadilisha hadhi yake hukohuko, hayamhusu. Tangazo lilipewa miezi 12, na linaweza kuongezwa. Kesi zimefunguliwa mahakamani kulipinga.

Dola laki moja ni karibu shilingi milioni 13. Hesabu mwenyewe ni ngamia wangapi. Ni kweli anayelipa ni mwajiri, si wewe. Lakini jiulize: mwajiri gani atalipa milioni 13 kumleta kijana mwenye miaka miwili ya uzoefu kutoka Garissa ambaye hajawahi kumwona? Wapo watakaolipiwa. Ni daktari bingwa, ni mtafiti ambaye hana mfano. Kwa hiyo yule wa jukwaa la pili hakusema uongo.

Na bado kuna la tatu. Mwishoni mwa Desemba 2025 ikachapishwa kanuni mpya ya kura yenyewe, ikaanza kutumika 27 Februari 2026, na usajili wa kwanza chini yake ukapangwa 4 hadi 19 Machi 2026. Zamani kila mtu alikuwa na nafasi sawa. Sasa kura inapimwa kwa mshahara.

Inafanya hivi. Wizara yao ya Kazi ina jedwali la mishahara ya kila kazi katika kila eneo, imegawanywa ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni anayeanza kazi. Ya nne ni mzoefu kabisa. Mwajiri akikupa mshahara wa ngazi ya nne, jina lako linaingia kwenye chungu mara nne. Ngazi ya tatu mara tatu, ya pili mara mbili, ya kwanza mara moja tu. Kwa makadirio yao wenyewe, wa ngazi ya kwanza ambaye alikuwa na nafasi ya karibu asilimia 30 sasa atakuwa na takriban 15. Wa ngazi ya nne atapata takriban 61.

Kuna kitu watu hawakioni hapo. Jedwali ni la eneo. Mshahara ule ule unaoonekana mdogo San Francisco unaweza kuwa ngazi ya juu katika mji mdogo ambako maisha ni nafuu. Kwa hiyo anayetafuta mwajiri kwa akili sasa anatazama pia mji, hatazami jina kubwa la kampuni pekee.

Basi yule wa jukwaa la kwanza naye hakudanganya moja kwa moja. Ni kweli wanataka "waliosoma". Lakini kilichopendelewa hapo ni mshahara mkubwa, na mshahara mkubwa unafuata uzoefu. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Garissa mwaka jana amerudishwa nyuma kuliko alivyokuwa mwaka juzi. Na tusisahau kwamba hata kabla ya haya yote zaidi ya asilimia 70 ya H-1B zilikuwa zinakwenda kwa Wahindi. Sisi hatukuwa wengi humo.

Na ile ya grini kadi? Wakati uzi huu unaandikwa haiendi. Mwaka 2025 waliweka ada ya dola 1 kwa kujaza, na usajili uliozoeleka wa Oktoba ukacheleweshwa. Desemba 2025 serikali ya Marekani ikatangaza kuusimamisha mpango wenyewe. Kwa hiyo ukiona bango la "jaza DV hapa" kwenye duka la picha, uliza wanakujazia wapi. Tovuti ya kweli inaishia na .gov, na ushindi unaangaliwa hapohapo kwenye tovuti kwa namba yako ya uthibitisho. Hakuna anayekupigia simu kukupongeza.

Wauguzi, nyinyi mnaniuliza sana, kwa hiyo nawajibu pembeni. H-1B mara nyingi si yenu. Uuguzi wa kawaida wa hospitali hauhesabiwi kuwa kazi inayolazimisha shahada, ndiyo maana maombi hayo hukataliwa. Njia yenu ya kawaida ni grini kadi ya kupitia mwajiri, ile ya kundi la EB-3. Hiyo haina bahati nasibu, ina foleni, na foleni inaweza kuchukua miaka. Mnahitaji kupita mtihani wa NCLEX, mtihani wa Kiingereza, na uhakiki wa vyeti. Kwa hiyo muuguzi wa Masalani anayengoja kura ya H-1B anangoja basi kwenye kituo ambacho basi halipiti.

Sasa nirudi kwenye pasipoti.

Nimekuwa nikiwasaidia vijana wa huku kujaza fomu: za vyuo, za ufadhili, za kazi. Ukiniuliza ni nini kimewaangusha wengi, si alama wala Kiingereza. Ni jina. Kijana ana cheti cha KCSE kinachosema Abdullahi Mohamed. Kitambulisho kinasema Abdulahi Muhumed. Cheti cha kuzaliwa kilitengenezwa baadaye, haraka haraka, na kina jina la babu ambalo hayo mengine hayana. Tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kwenye kimoja na Juni kwenye kingine, kwa sababu alizaliwa malishoni na aliyeandika aliandika tu. Nyumbani hilo si tatizo, kila mtu anamjua ni mtoto wa nani. Ila mfumo unaomtambua mtu kwa namba ya pasipoti na herufi za jina haumjui babu yake.

Na hiyo ni ya waliobahatika kuwa na kitambulisho.

Sisi wa Kaskazini Mashariki tumepata vitambulisho kwa shida kuliko Wakenya wengine, na si jambo la jana. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa nchi nzima na kupewa kadi ya waridi juu ya kitambulisho, kana kwamba cha kwanza hakikutosha. Baadaye zikaja kamati za kuhakiki: wazee, chifu, watu wa usalama, unakaa mbele yao kueleza wewe ni wa nani. Vikao vilikuwa haba. Kijana anakosa kikao kwa sababu mvua imekata barabara, anangoja kingine. Februari 2025 mkuu wa nchi alitangaza kwamba utaratibu huo wa ziada kwa kaunti za mpakani umekwisha. Kuna wanaosifu, kuna wanaosema unahatarisha usalama, na mjadala huo utaendelea hadi uchaguzi wa 2027. Mimi msimamo wangu sio siri: mtoto aliyezaliwa Ijara asiulizwe maswali ambayo mtoto wa Nyeri haulizwi.

Kuna kundi lingine linaloumia kimyakimya. Wakati wa ukame, wazazi wengi wa kaunti hii waliwaandikisha watoto wao kambini Dadaab ili wapate mgao wa chakula au shule. Mtoto hakuulizwa. Alipofika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikasema yeye ni mkimbizi. Raia wa Kenya, amekwama kwenye daftari la wakimbizi. Ni maelfu. Kama ni wewe, usiende kujaribu bahati kwa njia za uchochoroni. Fuata utaratibu rasmi wa kuondolewa kwenye daftari, na weka nakala ya kila karatasi. Inachosha, najua.

Hili nalo mnaniuliza kila wiki: je, Msomali wa Kenya anahesabiwa kwenye marufuku ya kusafiri? Marufuku ya Marekani iliyoanza Juni 2025 inawataja raia wa Somalia. Inaangalia uraia, haiangalii kabila. Mwenye pasipoti ya Kenya ni Mkenya. Lakini ndiyo maana karatasi zako lazima zikubaliane kuhusu ulizaliwa wapi. Cheti kimoja kikisema Hulugho na kingine kimeachwa wazi, umemkaribisha ofisa wa ubalozi aanze kukuuliza maswali.

Kwa hiyo matayarisho yangu hayaanzi na H-1B. Yanaanza na kuvitandaza vyeti vyako vyote mkekani leo usiku, ukamwita mtu mwingine asome majina kwa sauti, herufi kwa herufi. Wewe mwenyewe hutaona kosa, umelizoea. Amua jina moja ndilo lako. Mara nyingi ni lile la cheti cha mtihani, kwa sababu hicho ndicho kigumu zaidi kubadilisha. Halafu yavute mengine yafuate hilo: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na mwisho kabisa pasipoti. Usiombe pasipoti kwanza ukasema utarekebisha baadaye. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 kwenye eCitizen, utailipa mara mbili.

Ukishamaliza hapo, mengine ni ya kawaida. Chukua transkripti zako chuoni mapema, chuo kikishaanza mgomo utangoja. Andika barua za waajiri zinazosema ulifanya kazi gani hasa na kwa muda gani, zenye tarehe. Barua ya "alikuwa mchapakazi na mwaminifu" haina faida. Kama una diploma na si shahada, ujue kwamba kwa H-1B miaka mitatu ya uzoefu wa kitaalamu inaweza kuhesabiwa kama mwaka mmoja wa chuo, lakini lazima uwe na ushahidi wa kila mwaka. Cheti cha tabia njema usikichukue mapema mno, kitaonekana cha zamani siku ukikihitaji.

Na kama umeweka moyo wako Marekani kweli, njia iliyobaki na mantiki ni masomo. Uzamili kwa ufadhili, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi baada ya masomo, na miaka miwili zaidi kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ukiwa ndani, unaingia pia kwenye lile fungu la 20,000, na ile milioni 13 haikugusi kwa kanuni za sasa. Hata hiyo njia wanaweza kuibadilisha, siwezi kukuahidi.

Wengine macho yao yako Ujerumani, kwa sababu ya makubaliano ya kazi yaliyotiwa saini Berlin Septemba 2024. Huko hakuna kura. Tangu Juni 2024 wana kadi ya pointi ya kwenda kutafuta kazi, lakini inataka cheti kinachotambuliwa, lugha, na pesa ya kujikimu zaidi ya yuro 1,000 kwa kila mwezi. Mkataba kati ya nchi mbili haumpi mtu kazi. Unamwondolea vikwazo yule ambaye amejitayarisha tayari. Na wakala yeyote anayekupeleka nje, tafuta jina lake kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujampa hata mia.

Nimalizie na siasa, maana huu ni uzi wa siasa. Pesa zinazotumwa na Wakenya walio nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, na fungu kubwa kuliko yote linatoka Marekani. Ndiyo maana kila mgombea anataka kuzungumzia viza. Lakini hakuna mbunge, gavana wala rais wa nchi hii anayeweza kubadilisha H-1B hata nukta. Akisema atafungua hiyo, anasemea nyumba ya mtu mwingine.

Kuna mambo ambayo anaweza. Mwulizeni mbunge mtarajiwa: gari la usajili wa vitambulisho litafika Sangailu, Hulugho na Kotile mara ngapi kwa mwaka? Mwulizeni ameuliza nini bungeni kuhusu waliokwama kwenye daftari la wakimbizi. Mwulizeni wa kaunti kama basari inafika kabla chuo hakijamfukuza mtoto au baada. Hayo yakijibiwa kwa tarehe na idadi, njooni mnieleze nami niyaweke hapa.

Kuna kaka mmoja amenitumia picha za vyeti vinne leo mchana, akauliza kama "Mohamed" yenye m moja na "Mohammed" yenye mbili ni shida. Ndiyo kaka, ni shida. Anza na cheti cha kuzaliwa, na usinitumie tena picha za vyeti vyako kwa simu, wala usimtumie mtu mwingine yeyote.